Timu ya misheni ikiondoka, mimi ndio nabaki na vilio

SWALI: Habari ya kazi Shangazi. Mimi ni mama mlezi kwenye nyumba ya yatima huku Jinja, Uganda, kila mwaka mwezi wa sita na wa saba tunapokea timu za misheni kutoka makanisa ya Marekani, wanakaa wiki mbili hivi, wanafundisha nyimbo, wanaogesha watoto, wengine wanaomba hata kulala nao bwenini. Ni watu wa Mungu, sina ubaya nao. Lakini kuna mtoto wangu mmoja wa miaka minne, mwaka jana alimzoea dada mmoja wa timu mpaka akawa anamwita mama, dada alipoondoka mtoto akakataa chakula na akaanza tena kukojoa kitandani. Sasa yule dada ameandika kwamba anarudi na anataka kumchukua kabisa. Mtoto ana nyanya yake mjane Kamuli, huwa anakuja kumwona akipata nauli. Nikisema neno, dairekta ananiambia nitafukuza wafadhili. Nifanyeje?
Mama mlezi, Jinja

JIBU: Mwanangu, hujakosea, na mtu asikwambie eti ni wivu. Mtoto wa umri huo anayemwogesha, kumlisha na kumlaza ndiye anamshika moyoni kama mzazi, sasa huyo mzazi baada ya wiki mbili anapanda gari la kwenda uwanja wa ndege Entebbe, mwezi unaofuata anakuja mwingine na tisheti ya rangi nyingine, mtoto anapenda tena na anaachwa tena. Na uangalie siku wageni wanaposhuka kwenye basi, wale wadogo wanavyokimbia kurukia mapajani ya mtu ambaye hawajawahi kumwona, wageni wanafurahi wanasema hawa watoto wana upendo jamani! Mtoto mwenye mtu wake kwa kawaida hafanyi hivyo, akiona mgeni anajificha kwanza nyuma ya gauni la mama anachungulia. Kumkimbilia kila mtu mara nyingi ni dalili kwamba hana aliye wake, na kila timu inayokuja inazidisha.

Hili wakubwa wa dunia wameshaliona. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2009 kuhusu malezi ya watoto wasio na wazazi unasema wadogo, hasa walio chini ya miaka 3, walelewe kwenye familia, na Desemba 2019 Baraza Kuu likazitaka nchi zizuie madhara yanayotokana na hizi safari za kujitolea kwenye nyumba za yatima. Kwa hiyo dairekta akikuuliza umetoa wapi mambo haya, mwambie hayakutoka jikoni kwako.

Kuhusu dada anayetaka kumchukua mtoto, hapo sheria yetu iko wazi. Sheria ya Watoto ilirekebishwa 2016, zamani wageni walikuwa wanapata amri ya ulezi wa kisheria mahakamani haraka haraka wanaondoka na mtoto, siku hizi ulezi huo ni wa raia wa Uganda tu, na mgeni anayetaka kuasili lazima kwa kawaida awe amekaa nchini angalau mwaka 1 na amemlea huyo mtoto mwaka 1 chini ya uangalizi wa ofisa wa probesheni, yule wa serikali anayeshughulikia ustawi wa watoto. Na kabla ya yote hayo kuna nyanya. Mtoto mwenye nyanya anayetafuta nauli ya kutoka Kamuli kuja kumwona, huyo mtoto ana kwao. Nenda kwa ofisa wa probesheni wa wilaya, mwambie nyanya yupo na jina lake liandikwe kwenye faili la mtoto, usingoje dada afike.

Najua wengi wanaokuja wanasukumwa na Yakobo 1:27. Mimi naupenda sana mstari huo, lakini unataja yatima na wajane pamoja, na mjane wenu yuko Kamuli hajatembelewa na timu hata moja! Tiketi ya mtu mmoja kutoka Marekani mara nyingi inapita dola 1,000, sasa piga hesabu ya timu nzima, halafu fikiria mabati, ada ya shule, mbuzi, na mtaji wa kuuza mihogo kwa huyo nyanya, si mtoto angekuwa amelala kwao leo?

Usimwendee dairekta na lawama, mwendee na kazi ya kuwapa wageni. Kama kuna nesi kwenye timu akae na nyinyi mama walezi awafundishe, fundi atengeneze tanki la maji, mhasibu awasaidie vitabu, wengine waende na mchungaji wa hapo kuzitembelea familia za watoto, kwa ruhusa ya hizo familia na bila simu za kupiga picha. Kuogesha, kulisha na kulaza kubaki kwenu nyinyi mnaobaki. Mfadhili anayeondoka kwa sababu amenyimwa kubeba mtoto, mwache aende.

Ila hilo la mgeni kulala bwenini halina majadiliano hata kama ni mchungaji, kataa. Dairekta akilazimisha mwambie ofisa wa probesheni, au piga Sauti 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, na huhitaji ruhusa ya mtu yeyote kupiga.