Nywele kunyonyoka baada ya UVIKO-19

Dada yangu wa Ujiji, umeeleza kwamba ulipona UVIKO-19 miezi miwili na nusu iliyopita, na sasa nywele zinatoka kwa mafungu kila unapochana, hata unahofia kubaki na upara. Pole sana. Hali hiyo inafahamika vizuri, na kwa kawaida ni ya muda.

Homa kali huzifanya nywele nyingi, ambazo zingeendelea kukua kwa miaka, ziingie kwa pamoja katika kipindi cha mapumziko, na kwa kuwa nywele iliyopumzika hukaa kichwani kama miezi miwili au mitatu kabla ya kudondoka, hasara huonekana wakati mgonjwa ameshasahau ugonjwa wenyewe. Mizizi haijafa. Unyonyokaji huo hupungua kwa kawaida ndani ya miezi sita, ingawa urefu hurudi polepole, takriban sentimita moja kwa mwezi.

Kwa sasa usisuke kwa kubana wala usiweke dawa ya kulainisha nywele. Mafuta ya mawese, ambayo naamini umeshashauriwa, hulainisha tu, hayaharakishi kuota. Kula dagaa, maharage na mboga za majani, kwani upungufu wa damu huchelewesha nafuu.

Hata hivyo, ukiona mabaka yasiyo na nywele, magamba au vidonda kichwani, au ukichoka kupita kiasi, nenda Hospitali ya Maweni upimwe damu na tezi ya shingo.