Chagua cha Kurekodi Kabla Hujabonyeza Kitufe

Watu wengi wanaoniletea rekodi niwaharirie hapa Nairobi, wawe walimu wa tuisheni za mtandaoni, vijana wa podikasti au kamati za vyombo za makanisa, huwa wamerekodi kila kilichopita kwenye kompyuta. Skrini nzima imo. Sauti ya mgeni imo, na mlio wa WhatsApp, na video iliyojifungua yenyewe kwenye kivinjari, na maiki ya laptopu iliyokuwa wazi muda wote. Wanaamini mhariri atachuja baadaye. Nimefanya kazi hii kwa muda wa kutosha kuweza kusema bila kusita: kuchuja hufanywa kabla ya kurekodi. Baada ya hapo kunabaki kupunguza madhara tu.

Sababu yake ni ya kiufundi. Ukirekodi sauti yote ya kompyuta kwa pamoja, programu hujumlisha mawimbi yote na kuyaandika kama wimbi moja. Hakuna alama inayobaki ya kuonyesha kipande hiki kilitoka Zoom na hiki WhatsApp. Ni kama chai iliyokwisha kukorogwa sukari. Siku hizi kuna programu za akili mnemba zinazotenganisha maneno na kelele, na mimi mwenyewe nazitumia kila wiki, lakini mlio ukiangukia juu ya neno, neno lile hutoka likiwa na mkwaruzo kama mtu anayeongea ndani ya bomba. Sauti mbili za watu zikipandana ni vigumu zaidi.

Mwalimu mmoja aliniletea mahojiano aliyofanya kwa mtandao na mzee wa Lamu, mzee anayejua tenzi kwa moyo. Saa nzima ya sauti. Mzee alipofika kwenye utenzi wenyewe, kikundi cha familia ya mwalimu kikaanza kutumiana salamu za harusi, na kila salamu ikalia juu ya mshororo. "Kaka, si utoe tu hizo sauti za WhatsApp?" aliniuliza. Nilimjibu, "Mwalimu, nikizitoa nitatoka na vina vya mzee pia." Tulifanya tulichoweza. Beti nyingine zilipona, nyingine zikabaki na makovu, na mzee wa umri ule huwezi kumwomba arudie kila kitu kwa moyo uleule. Kwa ajili ya rekodi za namna ile ndiyo naandika haya.

Kwenye Windows, chombo ninachokipendekeza ni OBS Studio, programu ya kurekodi skrini na sauti. Ni bure, na msimbo wake uko wazi. Watu huijua kwa kurusha matangazo ya moja kwa moja, lakini nguvu yake kwangu mimi ni hii: kila chanzo unakiongeza mwenyewe, kimoja kimoja, na usichokiongeza hakirekodiwi. Tangu toleo la 28 lililotoka mwaka 2022, lina chanzo kinachoitwa "Application Audio Capture". Ukikiongeza unachagua programu moja, tuseme Zoom, na OBS inachukua sauti ya Zoom peke yake. Unahitaji Windows 10 iliyosasishwa hadi toleo la 2004 au zaidi, au Windows 11.

Kuna hatua moja ambayo watu huiruka, na ndiyo inayoharibu kazi. OBS ikishasakinishwa huwa tayari imewasha "Desktop Audio", yaani sauti yote ya kompyuta. Ukiongeza chanzo cha Zoom bila kuizima hiyo, utampata mgeni mara mbili, akiwa na mwangwi mwembamba, na mlio wa WhatsApp utapita kama kawaida kupitia ule mlango wa kwanza. Fungua mipangilio, nenda sehemu ya sauti, uweke "Desktop Audio" iwe imezimwa. Kisha angalia kwenye kichanganya sauti: vibaki vyanzo viwili tu, maiki yako na ile programu uliyochagua.

Sasa kuhusu mikutano ya kwenye kivinjari, kama Google Meet. Hapa OBS haioni kichupo kimoja (tab), inaiona Chrome nzima. Ukichagua Chrome kama chanzo, kichupo cha YouTube kikianza kucheza tangazo nacho kitaingia. Suluhisho ninalolitumia ni jepesi: mkutano nauweka kwenye kivinjari kimoja, Firefox kwa mfano, na mambo yangu mengine yote nayaacha Chrome. Kisha nachagua Firefox kama chanzo. Vivinjari viwili, na hakuna cha kulipia.

Ukishatenganisha vyanzo, vitunze vikiwa vimetengana hadi kwenye faili. OBS inaweza kuandika hadi treki 6 za sauti, yaani njia zilizotengana, ndani ya faili moja la video. Washa mipangilio ya kina (Advanced) ya kurekodi, weka alama kwenye treki ya 1, ya 2 na ya 3. Halafu kwenye sifa za sauti, panga hivi: treki ya 1 iwe na kila mtu, ya 2 maiki yako tu, ya 3 mgeni tu. Usiiache treki ya 1 ikiwa tupu, kwa sababu programu nyingi za kuchezea video hucheza ya kwanza peke yake na mtu utakayemtumia atadhani faili halina sauti. Mhariri naye atafungua zote tatu, na ukikohoa wakati mgeni anaeleza jambo zito, atakinyamazisha kikohozi bila kuligusa neno la mgeni. Zoom nayo ina kitu cha aina hii: wewe mwenyeji ukirekodi kwenye kompyuta yako, kuna mahali kwenye mipangilio pa kuiambia iandike faili la sauti la kila mshiriki kivyake. Wachache sana hukiwasha, na kingeokoa kazi nyingi.

Lakini mipango yote hii inaanguka ukitumia spika. Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo ninapoona hasara nyingi. Sauti ya mgeni ikitoka kwenye spika ya laptopu inarudi ndani kupitia maiki yako, kwa hiyo ile treki ya 2 uliyodhani ni yako peke yako ina mgeni ndani yake, amechelewa kidogo na ana mwangwi wa chumba. Hakuna mpangilio wa OBS unaoweza kurekebisha hilo, kwa kuwa kwake hiyo ni sauti ya maiki halali. Vaa visikizio. Vile vya waya vya bei nafuu vya Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki hapa Nairobi, vinatosha kabisa, mradi vizibe sikio. Mwombe na mgeni avae vyake.

Ukiwa Luthuli, kama unanunua pia maiki ya kubana kwenye shati, tazama ncha ya plagi. Yenye pete tatu nyeusi ni ya simu, yenye pete mbili ni ya kamera au vinasa sauti. Ukiichomeka visivyo, kifaa hakitaiona na kitaendelea kurekodi kwa maiki yake ya ndani kimyakimya, nawe utadhani maiki uliyonunua ni mbovu. Kwa laptopu, maiki ya USB huepusha mkanganyiko huu wote, na huonekana kwenye OBS kwa jina lake.

Kuna jambo la Windows ambalo huwashangaza wengi. Ikihisi upo kwenye simu ya mtandaoni, kwa kawaida hupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80. Basi kama unamchezea mgeni klipu huku mkizungumza, klipu inazama. Ingia kwenye paneli ya zamani ya sauti, kichupo cha mawasiliano, uiambie isifanye chochote.

Upande wa picha, kanuni ni ileile: chukua dirisha moja badala ya skrini nzima. OBS ina "Window Capture" kwa kazi hiyo. Faida yake ni kwamba hata ukifungua kitu kingine juu ya dirisha lile, kinachorekodiwa ni lile tu, ila usilikunje hadi chini kwenye upau, maana hapo picha husimama. Dirisha la kivinjari likitokea jeusi, badilisha njia ya kunasa kwenye sifa za chanzo, uchague ile ya Windows 10. Na kichupo unachotaka kurekodi kivute kiwe dirisha lake mwenyewe, la sivyo ukihamia kichupo cha barua pepe, barua pepe nazo zimo. Video za Netflix na nyingine zenye ulinzi zitabaki nyeusi, na hiyo imekusudiwa na wenye haki.

Mimi naona hili la dirisha ni suala la heshima kuliko ufundi. Nimeshaona kwenye video za masomo ujumbe wa M-Pesa wenye jina la mtu, namba yake na salio, umetokea pembeni mwa skrini kwa sekunde chache kwa sababu simu ilikuwa imeunganishwa na kompyuta. Mwalimu hakuuona, wanafunzi waliuona. Zima arifa kabla ya kuanza, simu na kompyuta. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na sauti na sura ya mtu ni data yake. Kwa hiyo mwambie mgeni mwanzoni kwamba unarekodi, mwambie itatumika wapi, na jibu lake la kukubali liwe ndani ya rekodi yenyewe.

Kabla ya kazi halisi, fanya jaribio la dakika moja ukitazama mistari ya sauti ya OBS. Sema neno: mstari wa maiki pekee ndio uruke. Mwambie mgeni aseme neno: uruke wa programu yake peke yake, wa maiki utulie. Ukiona wa maiki unatikisika mgeni akiongea, kuna spika iliyo wazi mahali fulani. Mwisho jitumie ujumbe wa WhatsApp. Usikie mlio kwenye visikizio vyako na usione mstari wowote ukisogea. Hapo uko salama. Kisha fungua kile kipande ulichorekodi ukisikilize, usiamini macho peke yake.

Rekodi kwa muundo wa MKV. Stima ikipotea katikati, na mitaa yetu tunaijua, faili la MKV hubaki na kila kilichoandikwa hadi dakika ile, wakati MP4 ya kawaida inaweza kukataa kufunguka kabisa. Ukimaliza, OBS yenyewe inaibadilisha kuwa MP4 kwa muda mfupi bila kupunguza ubora. Kwa kasi ya kilobiti 2,500 kwa sekunde, saa moja ya video hula kama GB 1.1, basi angalia nafasi ya diski mapema.

Wenye Mac: QuickTime haichukui sauti ya ndani ya kompyuta, huchukua maiki tu. Kuanzia macOS 13, OBS inaweza kuchukua sauti ya programu moja. Kwa macOS za zamani kuna BlackHole, programu ya bure ya kupitisha sauti ya ndani hadi kwenye kinasa, na kwa mwenye bajeti kuna Audio Hijack, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nyepesi kuliko zote kueleweka. Wa Linux wenye PipeWire, mfumo wa kupitisha sauti ndani ya kompyuta, wana raha yao, wanachora wenyewe sauti itoke wapi iende wapi.

Simu zina mipaka yake. Android 11 na kuendelea nyingi zina kinasa skrini cha ndani, na kinakuuliza: sauti ya kifaa, maiki, au zote mbili. Chagua kwa makusudi, usikubali tu ilivyo. Ruhusa ya kunasa sauti ya programu nyingine ilikuja na Android 10 mwaka 2019, lakini programu husika inaweza kukataa kunaswa, ndiyo maana wakati mwingine unapata picha bila sauti. Kwenye iPhone, bonyeza kitufe cha kurekodi na ukishikilie ndipo uone swichi ya maiki. Sauti ya simu ya kawaida usiitegemee kwa njia hizi.

Ndiyo maana mgeni akiwa na simu peke yake, huwa namwomba kitu kingine kabisa: ajirekodi mwenyewe. Tunaongea kwa WhatsApp kama kawaida, yeye amevaa visikizio, na simu ya pili, hata ya mwanawe au jirani, imelala mezani karibu na mdomo wake ikiwa na kinasa sauti kimewashwa. Mimi najirekodi huku. Tunahesabu moja, mbili, tatu, kila mtu anapiga kofi moja upande wake, kisha mazungumzo yanaanza. Tukimaliza tunapiga lingine, kwa sababu saa za ndani za vifaa viwili haziendi sawasawa, na baada ya saa nzima vinaweza kuwa vimeachana kidogo. Makofi hayo mawili ndiyo ninayoyalinganisha wakati wa kuhariri. Namwambia anitumie lile faili kama hati, asilicheze na kulirekodi upya kama ujumbe wa sauti, na asilifute kwenye simu ile hadi nimwambie nimelisikiliza lote.