Swali la Bungeni Huanza Kijijini: Namna ya Kuliandika Lisimpe Waziri Pa Kukwepea

Kwa miaka kadhaa nilisaidia shughuli za ofisi ya mbunge katika mojawapo ya majimbo ya Mkoa wa Mtwara, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kupokea kero za wananchi na kuzigeuza kuwa maswali ya kupelekwa Dodoma. Tangu nilipoondoka pale, watendaji wa vijiji, viongozi wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima) na hata madiwani hunijia na malalamiko yanayofanana: swali letu limeulizwa bungeni, limejibiwa, tena limetangazwa redioni, na bado hakuna kilichobadilika. Wengi huishia kumlaumu mbunge au Serikali. Mimi huomba kwanza nilione swali lenyewe lilivyoandikwa, kwa sababu mara nyingi kasoro huwa imo humo.

Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba inalipa Bunge mamlaka ya kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Watu husikiliza kipindi cha maswali cha asubuhi wakadhani mbunge amesimama na kuuliza lililomjia kichwani. Sivyo. Swali la msingi huandikwa na kuwasilishwa mapema katika Ofisi ya Katibu wa Bunge, hukaguliwa kama linafuata Kanuni za Bunge, kisha hupelekwa katika wizara inayohusika, ambako wataalamu huandaa jibu linalokuja kusomwa ukumbini na Waziri au, mara nyingi zaidi, na Naibu wake. Mengine hujibiwa kwa maandishi tu. Kwa hiyo wizara hupata muda wa kuyapima maneno ya swali moja baada ya jingine, na anayeliandika kwa haraka anashindana na watu walioketi wakalisoma kwa utulivu.

Nichukue mfano wa boma la zahanati, yaani jengo ambalo halijakamilika, kwa kuwa hiyo ndiyo kero iliyokuwa ikija ofisini kuliko nyingine yoyote. Wananchi wa kijiji kimoja huko juu, kwenye nyanda za Makonde, walichangishana, wakafyatua matofali, wakasomba mchanga, wakapandisha kuta mpaka kwenye lenta, kisha wakakwama kwenye paa. Mwenyekiti wao alikuja na daftari la michango lililoandikwa kaya kwa kaya na kiasi ambacho kila moja ilitoa, akalifungua mezani na kuniambia, "Mwanangu, sisi letu tumelimaliza. Waulize wao la kwao limefika wapi." Pamoja na daftari alileta karatasi yenye swali lililoandikwa na mtu wa kata: "Je, ni lini Serikali itakamilisha ujenzi wa zahanati ya kijiji chetu?"

Yeyote aliyezoea kusoma Taarifa Rasmi za Bunge, yaani kumbukumbu za yanayosemwa ukumbini, analijua jibu lake kabla halijaandikwa. Serikali inatambua na kuthamini nguvu za wananchi, na itaendelea kutenga fedha za kukamilisha maboma kwa awamu, kadri fedha zitakavyopatikana. Ndani ya jibu hilo hakuna uongo, wala hakuna neno ambalo mtu anaweza kushikwa nalo mwaka unaofuata. Tulikaa na mwenyekiti tukaliandika upya: "Je, kati ya fedha zilizotengwa kukamilisha maboma ya zahanati katika Halmashauri yetu kwa mwaka wa fedha unaoishia tarehe 30 Juni, ni kiasi gani kimekwisha kupokelewa, na ni maboma ya vijiji gani yamepelekewa fedha hizo?"

Swali la namna hiyo linamlazimisha anayejibu kutaja kiasi na majina. Akisema hakuna kilichopokelewa, amekiri mbele ya Bunge kwamba bajeti iliyopitishwa na Bunge hilohilo haikutekelezwa. Akitaja vijiji, diwani wa kata iliyoachwa anapata hoja ya kuisimamia kwenye Baraza la Madiwani, ambako ataomba aelezwe vigezo vilivyotumika kuchagua. Jibu lililorudi lilitaja maboma kwa majina, na la kwetu halikuwamo. Baadhi ya wanakijiji waliona wamepoteza muda wao. Mwenyekiti hakuona hivyo, na alikwenda na nakala ya jibu hilo moja kwa moja kwa diwani wake.

Ndiyo maana nawashauri watu waulize kuhusu fedha iliyokwisha kupitishwa kabla ya kuuliza kuhusu nia. Swali linaloanza na "Je, Serikali ina mpango gani" hualika hotuba ya mipango, na mipango haijawahi kuwa adimu katika nchi hii. Afadhali mtu afungue hotuba ya bajeti ya wizara husika, au ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ambayo kwa kawaida hufika bungeni mwezi Aprili, atafute mstari unaogusa eneo lake, halafu aulize kilichotokea baada ya mstari ule kuandikwa.

Barabara nazo zina somo lake. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi ina urefu wa kilometa 210, na kwa muda mrefu ilitajwa bungeni kama kitu kimoja. Mkandarasi alipokuwa kazini katika kipande cha Mtwara hadi Mnivata, kilometa 50, mtu aliyeuliza kuhusu barabara nzima aliweza kujibiwa kwamba ujenzi unaendelea, na jibu hilo likawa kweli, ilhali msafiri wa Tandahimba alikuwa bado anameza vumbi wakati wa kiangazi na kukwama kwenye tope wakati wa masika. Aliyeuliza kuhusu kilometa 160 zilizokuwa zimebaki pekee, kuanzia Mnivata kupitia Newala hadi Masasi, hakuweza kujibiwa kwa kazi ya kipande kingine. Taja kipande, taja daraja kwa jina lake, taja kijiji inapoanzia kazi na inapokomea.

Kuhusu swali la nyongeza, liandaliwe nyumbani. Mbunge aliyeuliza swali la msingi hupewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, na nimesikiliza vikao vingi ambamo nafasi hizo zilitumika kushukuru na kuleta kero mpya isiyohusiana na ya kwanza. Hata ile kauli ya "pamoja na majibu mazuri ya Mheshimiwa Naibu Waziri" husemwa kwa mazoea, jibu liwe zuri au liwe tupu. Sina ugomvi na adabu ya ukumbi, ila mwenye kuandaa swali ajiulize mapema ni njia zipi mbili Waziri anaweza kuzitumia kukwepa, na kwa kila njia amwandikie mbunge sentensi moja fupi ya kuizuia.

Wenzetu wana taratibu zinazofaa kutazamwa. Katika Bunge la Ujerumani, kila mbunge anaruhusiwa kuuliza hadi maswali manne ya maandishi kwa mwezi, na Serikali inatakiwa kuyajibu ndani ya wiki moja. Uingereza, wizara inaweza kukataa kujibu swali la maandishi ikiwa gharama ya kutafuta jibu lake inazidi pauni 850, na hilo limewafundisha wabunge wa huko kuuliza swali jembamba lisilowapa maofisa kisingizio. Ninaloliona la maana zaidi ni la India, ambako tangu mwaka 1953 Lok Sabha, yaani bunge lao la chini, ina kamati inayofuatilia ahadi zilizotolewa na mawaziri ukumbini na kuangalia kama zimetimizwa. Huku kwetu kazi hiyo ya kukumbuka hutegemea sana mbunge mwenyewe na watu waliomtuma.

Nisieleweke kwamba swali linatosha kwa kila jambo. Hadi mwaka 2018, sheria ilielekeza asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje irudi kuliendeleza zao, na asilimia 35 iingie Mfuko Mkuu wa Serikali. Fedha hizo ndizo zilizotazamiwa kugharimia mambo kama salfa ya kupulizia mikorosho na utafiti. Wabunge wa Kusini walipodai sehemu ya wakulima ambayo ilikuwa haijatolewa, walikuwa na haki, na mjadala wa Juni mwaka huo ulikuwa mkali kweli. Lakini Sheria ya Fedha ya mwaka 2018 ilibadilisha mgawo wenyewe, na baada ya hapo swali la "asilimia 65 yetu iko wapi" likakosa msingi wa kisheria. Swali hufichua kilichofanyika chini ya sheria iliyopo. Sheria inapotaka kubadilishwa, kinachohitajika ni marekebisho mezani na kura za kutosha. Anayeyachanganya mambo haya mawili humtuma mbunge wake vitani na silaha isiyo yake. Vivyo hivyo, shauri likiwa mahakamani swali halitapita, kwa hiyo mwenye mgogoro wa ardhi uliokwisha kufunguliwa kesi asipoteze nauli kuja ofisini kwa ajili hiyo.

Jibu likishatoka, lichukuliwe katika Taarifa Rasmi, ambazo Bunge huziweka kwenye tovuti yake, lichapwe, lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji na nakala ibaki kwenye jalada la mtendaji. Watendaji huhamishwa, wabunge nao hubadilika kila baada ya uchaguzi, kwa hiyo nakala nyingine ikae kwa katibu wa AMCOS au kwa mwalimu mkuu. Mkutano wa Bunge unaofuata ukikaribia, swali la pili lianze na maneno ya jibu lile: "Kwa kuwa Serikali, katika jibu lake la tarehe fulani, ilieleza kwamba fedha za awamu ya pili zingetolewa kabla ya mwisho wa mwaka wa fedha, je, zilitolewa tarehe ngapi, na ziliingia katika akaunti gani?" Tarehe iandikwe kamili na jibu linukuliwe neno kwa neno, kwa sababu mbunge ndiye anayebeba dhamana ya ukweli wa yaliyomo katika swali lake, na kosa dogo la tarehe linatosha kulirudisha swali lote ofisini.