Muulize Mjomba: Mlima wa wikendi kwa watu ambao hawajawahi kupanda

SWALI: Mjomba shikamoo. Tuko wanne, tunauza dukani Kikuubo, mazoezi yetu ni kubeba katoni na kupanda ngazi basi. Tunataka kupanda mlima hata mara moja kabla mwaka haujaisha ila nafasi tunayopata ni wikendi tu. Mmoja anasema twende Rwenzori, mwingine anasema huko tutafia. Tuanzie wapi?
Wanne wa Kikuubo, Kampala

JIBU: Marahaba wapwa zangu. Huyo wa pili msikilizeni kidogo, si kwamba mtakufa, lakini Rwenzori si ya wikendi jamani, kilele cha Margherita kiko mita 5,109, kwenda na kurudi inakula kama wiki nzima, huko juu kuna barafu, na pesa yake labda muuze duka la bosi.

Nyinyi nendeni Mbale mkapande Wanale. Ni mkono wa Mlima Elgon uliojinyoosha mpaka juu ya jiji, yani ukiwa tu stendi ukiinua macho unaona ule ukuta wa mawe, na mvua zikiwepo maji yanaporomoka toka juu unayaona ukiwa mjini. Jiji liko kwenye mita 1,100 na kitu, mgongo wa Wanale unapita mita 2,000, kwa hiyo jasho litawatoka, lakini ule ugonjwa wa milimani wa kichwa kuuma na kichefuchefu kwa kawaida unaanzia mita 2,500 huko, hautawafikia.

Toka Kampala ni kama kilomita 225, mnapita Jinja, Iganga, halafu mnashika njia ya Tirinyi. Msijidanganye kwenda na kupanda siku hiyo hiyo. Jumamosi safirini polepole, mle kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, pale Namawojjolo njiani, mlale Mbale, Jumapili kukipambazuka tu muwe mmeshaanza kabla jua halijakuwa kali.

Sasa hapa ndipo watu wanapojiumiza. Kuna barabara inayozunguka mpaka juu, basi mtu anajiona mjanja, anapanda na boda halafu anashuka kwa miguu ati amejirahisishia. Banange! Kupanda kunamaliza pumzi, na pumzi ukikaa kwenye jiwe dakika tano inarudi, ila kushuka kunakula mapaja na magoti maana kila hatua msuli unazuia uzito wako wote usiende na mteremko, na maumivu yenyewe hayaji siku hiyo, yanakuja kesho yake na kesho kutwa, mteja anataka katoni ya stoo ya chini na wewe unashuka ngazi umeshika ukuta. Tena kuteleza kwingi kunatokea wakati wa kushuka, miguu imechoka na mtu anawaza chakula. Nyinyi fanyeni kinyume: pandeni kwa miguu, shukeni na boda au gari. Bei mpatane kabla, na mtu mmoja boda moja, zile kona si za kubebana watatu. Mkifanya hivyo mchana mapema mko stendi mnatafuta basi la Kampala.

Mchukueni kijana wa hapo hapo awaongoze, pale mnapolala waulizeni watawatafutia. Mtapita katikati ya mashamba ya watu, ndizi na kahawa, vijia ni vingi na vyote vinafanana, na kuna heshima yake kupita kwenye shamba la mtu mkiwa na anayejulikana. Mkitaka kuingia kwenye hifadhi ya Mlima Elgon yenyewe, hiyo iko chini ya Uganda Wildlife Authority, lipeni kiingilio, msipite vichochoroni.

Maji lita mbili kila mtu, roleksi (chapati za kukunjia mayai) za kutosha, koti la mvua. Viatu vyenye meno mtapata soko la Owino kwenye mivumba, yani mitumba, vivaeni mjini kwanza vizoee mguu. Udongo wa Elgon ni wa volkano, ukilowa ni sabuni. Wenyeji mtawaona na gambuti wanapanda kama hakuna kitu, msiwaige, zitawachubua.

Desemba mpaka Februari ndio kuzuri. Mvua ya huko si ya kutania, Machi 2010 mlima ulimeguka ukafunika watu Nametsi kule Bududa, na mwisho wa Julai 2022 mafuriko yaliua watu Mbale kwenyewe. Ikinyesha usiku kucha, asubuhi kunyweni chai mpande basi mrudi, mlima hauhami. Na hata kukiwa kukavu, saa sita mchana ikiwakuta bado hamjafika juu, geuzeni.

SWALI: Nina mtoto wa miaka tisa, anapenda kutembea. Wanale ataweza? Mama wa Ntinda

JIBU: Mama, kuweza anaweza kukuacha nyuma! Ila mimi ningempeleka Sipi kwanza, Kapchorwa, mbele ya Mbale. Maporomoko ni matatu, lile kubwa lina kama mita 100, mnatembea toka moja hadi jingine na mkichoka mnaishia popote, hakuna kilele cha kumdai mtu. Vijana wa pale watawaonyesha pia kahawa inavyokaangwa na kutwangwa. Karibu na kingo mshike mkono, mawe yana maji muda wote.

SWALI: Mjomba kwani mwamba wetu wa Tororo umeusahau? Msomaji, Tororo

JIBU: Sijausahau ndugu yangu. Mita 1,483, unasimama katikati ya tambarare peke yake, kwa mtu wa nusu siku ni mzuri sana, na juu kukiwa kweupe unaona Elgon upande mmoja na Kenya upande mwingine. Shida ni zile ngazi za chuma sehemu za wima, anayeogopa urefu atagandia katikati na walio nyuma watakwama naye. Kama huogopi, nenda asubuhi, maana jiwe likishapata jua unachomeka juu na chini.