Nimemlia mbwa kuliko nilivyomlia mume wangu

SWALI: Kamwene Shangazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kihesa hapa Iringa. Marehemu mume wangu aliniachia mbwa, Bosi, aliyemleta nyumbani angali mdogo, ndani ya tenga la nyanya. Mwaka huu uzee ukamshika. Akawa anamaliza ndoo ya maji na bado anakonda, na ugali wa dagaa aliokuwa akiupigania akawa anaunusa tu. Daktari wa mifugo akasema figo zimekwisha, akashauri achomwe sindano apumzike. Nikakubali, nikamshika kichwa mwenyewe. Amekufa macho wazi, ananitazama. Tangu siku hiyo najiona muuaji. Kijana wa bodaboda ndiye aliyenisaidia kuchimba shimo nyuma ya mparachichi.

Nalia kuliko nilivyolia kwenye msiba wa mume wangu, na hilo linanitia aibu. Jirani yangu alicheka, akasema ningemwita mapema aje na chumvi. Mwanangu aliyeko Mbeya anasema, "Mama, ni mbwa tu," na ameshapata mtoto wa mbwa wa kizungu, wale wa polisi, anataka kuniletea wiki ijayo. Mjukuu wangu wa miaka 5 nimemwambia Bosi amehamia Makambako kwa mjomba. Sasa kila Jumamosi anavaa viatu na kuuliza basi linaondoka saa ngapi. Usingizi sina. Hata vidonge vya presha nasahau, maana nilikuwa navimeza saa moja jioni nikishampa Bosi chakula. Je, nimeanza kuchanganyikiwa?

Mwalimu, Kihesa

JIBU: Shikamoo mwalimu. Humu gazetini mimi ni shangazi wa kila mtu, lakini wewe lazima nikuamkie.

Nianze na vidonge, kwa sababu presha haingoji mtu amalize kulia. Bosi ndiye aliyekuwa saa yako. Hukuwa unakumbuka dawa. Yeye alikuwa anakuja mlangoni kudai ugali, na dawa inafuata. Sasa tafuta kingine cha kuifuata saa moja jioni, chai au taarifa ya habari ya redio, na vidonge vikae hapo hapo kando ya birika au juu ya redio. Wiki hii nenda zahanati wakupime, uwaambie pia kwamba hulali. Usione aibu kuwaeleza sababu.

Sasa sindano. Dawa inayotumika kwa kawaida ni ya jamii ya nusukaputi, ila kwa kipimo kikubwa. Mnyama hupoteza fahamu kwanza, ndipo pumzi na moyo vinasimama. Macho kubaki wazi ni kawaida kabisa kwa wanyama: kope hufungwa na misuli, na misuli ikishalegea hakuna cha kuzifunga. Wengine huvuta hata pumzi moja au mbili baada ya moyo kusimama, na wenyewe hutishika sana. Bosi hakuwa anakutazama, mwalimu. Alikuwa hayupo tena. Na figo zilizochakaa kwa uzee hazirudi. Kumwacha kungekuwa kumwachia kichefuchefu na njaa isiyokubali chakula mpaka mwisho uleule. Ulimshika kichwa. Wengi humkabidhi mbwa kwa mtu, wao wakaenda kujifungia ndani.

Kuhusu kumlia mbwa kuliko mume, hebu kumbuka ule msiba ulivyokuwa. Turubai, masufuria ya kuazima, wanaume wanaota moto nje usiku kucha kwa baridi yetu hii, daftari la rambirambi, wanakwaya, mtu wa kukushika mkono hata ukienda msalani. Kilio chako kilibebwa na watu wengi. Cha Bosi umekibeba wewe na kijana wa bodaboda. Mmarekani mmoja, Kenneth Doka, alianza miaka ya 1980 kuandika juu ya majonzi ambayo jamii haiyatambui, akaeleza kwamba yanamwelemea mtu kwa sababu hana ruhusa ya kuyaonyesha. Na Bosi ndiye aliyebaki anayezijua nyayo za mzee getini. Sishangai ukiwa unawalia wawili.

Huyo jirani mwenye chumvi simtetei sana. Mimi mwenyewe Mhehe. Utani kwamba sisi Wahehe tunakula mbwa nimeusikia tangu shule ya msingi na baadhi ya siku unachosha. Lakini nakuuliza, kwenye msiba wa mzee watani hawakuja? Hawakuvaa koti lake na kuigiza anavyotembea, watu wakacheka huku wanalia? Mtani huja palipo na msiba, na katika wote uliowataja, ni yeye peke yake aliyesema kitu cha kilioni. Mwite chai, mwambie utani wake ulikuuma, halafu msimulie habari za lile tenga la nyanya. Kama na yeye alikuwa anabwekewa kila akitoka kwenye ulanzi, atakuwa na ya kwake ya kusimulia.

Makambako ifute leo. Mtoto wa miaka 5 anaweza kuambiwa: Bosi alizeeka, akaugua, amekufa, tumemzika nyuma ya mparachichi. Usiseme amelala, maana usiku ataogopa kitanda. Atakuuliza tena kesho na keshokutwa, kwa sababu umri huo bado haujaelewa kwamba aliyekufa harudi. Mjibu vilevile kila mara. Akitaka kupeleka jiwe au ua kaburini, mwende pamoja.

Huyo kijana wako ana nia njema na haraka mbaya. Mwambie wazi: "Mwanangu, bado." Kama ameshalipia, mtoto wa mbwa akae huko huko Mbeya apate chanjo zake: za mwanzo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa mpaka afikishe wiki 16, na ya kichaa cha mbwa kwa kawaida akiwa na miezi 3. Miezi hiyo itakutosha kujua kama unataka mbwa mwingine au hutaki kabisa, na majibu yote mawili ni sawa. Ukimchukua, usimpe jina la Bosi.