Sentimita Mbili Hazitoshi Kutaja Hatua ya Saratani

Wadogo zangu mnaoanza mafunzo kwenye wadi za Kisumu na Nakuru, tunawapenda, lakini hili tumelirudia mno. Kila kundi jipya likiingia, raundi ya asubuhi huja na ripoti ileile: "Uvimbe wa pafu ni sentimita mbili, kwa hiyo hatua ya kwanza." Hapana.

1. Hatua hupangwa kwa herufi tatu: T ni uvimbe wenyewe, N ni tezi za limfu, M ni kusambaa mbali. Ukubwa unawapa T peke yake. Hadi sentimita 3 ni T1. Zaidi ya 3 hadi 5 ni T2. Zaidi ya 5 hadi 7 ni T3. Ukipita 7 ni T4. Tena uvimbe mdogo ukiwa umeingia ukuta wa kifua, ni T3 hata kama una sentimita mbili. Tezi na viungo vya mbali bado hamjavigusa.

2. Ulizeni aina ya seli kwanza. Hapa ndipo wagonjwa wanapoumizwa, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Adenokasinoma, saratani ya seli za tezi zinazotoa ute, hupenda kuanzia pembezoni mwa pafu. Mgonjwa hakohoi damu, hapumui kwa shida, na uvimbe ni mdogo. Anasema mgongo unauma, mnamwandikia dawa ya maumivu kwa sababu ni mkulima. Anasema kichwa kinamsumbua, mnampima presha. Jina lake linaingia kwenye foleni ya upasuaji, na wiki zinapita kabla mtu hajaomba picha ya ubongo. Kumbe saratani ilishafika kwenye mifupa na ubongo, na hiyo ni hatua ya nne, uvimbe uwe wa sentimita mbili au nane. Familia imeuza ng'ombe kulipia upasuaji usiomfaa.

Sasa geuzeni upande wa pili. Skwamasi, saratani ya seli bapa, hukaa katikati, karibu na bomba kubwa la hewa, na mara nyingi hunenepa papo hapo kabla ya kwenda mbali. Uvimbe wa sentimita 6 usiofika kwenye tezi wala kwingine ni T3N0M0 (sifuri kwenye tezi, sifuri kwingine), hatua ya IIB, yaani ya pili, na mgonjwa anaweza kufanyiwa upasuaji. Huyu mnamkatia tamaa kwa sababu picha inatisha! Uvimbe ukiwa na tundu katikati, mnamwanzishia dawa za TB bila majibu ya makohozi.

Aina ya tatu, saratani ya seli ndogo, haingoji kukua. Wengi hufika hospitalini ikiwa imeshatoka kifuani, na uvimbe wenyewe unaweza kuwa mgumu kuuona kando ya tezi zilizovimba. Ubongo upigwe picha hata kama mgonjwa hana dalili. Sodiamu ya damu ikishuka bila sababu, kumbukeni saratani hii.

3. Tezi iliyozidi milimita 10 kwa kipenyo kifupi ni ya kushuku, si ya kuhukumu. Huku kwetu TB na HIV huvimbisha tezi pia. Mkiandika N3 (saratani imefika tezi za mbali, kama za upande wa pili wa kifua) bila kuchoma sindano kuchukua sampuli, mmemnyima mtu upasuaji kwa sababu ya TB.

4. Picha ya CT ishuke hadi ini na adrenali, tezi zilizo juu ya figo. Maji ya kifuani yapelekwe maabara: yakikutwa na seli za saratani, ni M1a, yaani imesambaa ndani ya kifua. Na pafu lililosinyaa nyuma ya uvimbe huungana nao kwenye picha; ombeni kontrasti, dawa ya kung'arisha picha, la sivyo mtapima pafu mkidhani mnapima uvimbe.