Mikwaruzo kwenye rekodi baada ya kupandisha kasi ya prosesa
Salamu mkuu. Umesema prosesa yako ya i5-9600K umeipandisha kasi hadi GHz 5, michezo inakwenda vizuri, ila Reaper, programu ya kurekodi sauti, inatoa mikwaruzo ukirekodi kwa bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchakatwa) ya sampuli 64.

Kwanza rudisha BIOS (programu ya msingi ya kompyuta, ulikopandishia kasi) kwenye mipangilio ya kiwandani, urekodi tena. Mikwaruzo ikibaki, tatizo si kasi: fungua LatencyMon, programu ya kupima ucheleweshaji, uone draiva (programu inayoendesha kifaa) ipi inachelewesha. Kwangu ilikuwa ya Wi-Fi, siku hizi naizima kabla ya kurekodi na sauti imetulia.

Mikwaruzo ikiondoka baada ya kurudisha BIOS, basi ni hiyo GHz 5. Shusha hadi 4.7 kwa viini vyote sita, zima C-states ili prosesa isilale na kuamka katikati ya wimbo, kisha iache Prime95, programu ya kuipima prosesa kwa mzigo mzito, ikimbie usiku kucha huku ukifuatilia joto. Michezo si kipimo. Kosa dogo la hesabu hutaliona mchezoni, lakini kompyuta ikizima mwimbaji akiwa amepata hisia, hiyo hairudi tena.

Na jaribu bafa ya 128. Kwa kHz 48 ni milisekunde 2.7 tu, mwimbaji hataisikia tofauti. Ukishindwa, taja modeli ya intafesi yako ya sauti na toleo la draiva.